Sigalame Anafanya Kazi Gani?

Neno "zilizopendwa" limetuharibia muziki mwingi. Wimbo ukishabandikwa hilo jina unakuwa wa wazee, wa Jumamosi na Machoka kwenye Roga Roga, na vijana wanahamia stesheni nyingine.

Sasa chukua "Sigalame" ya Issa Juma na Super Wanyika Stars, ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hadithi yenyewe ni fupi: jamaa ameadimika, inasemekana yuko pande za Bungoma na Busia anafanya biashara. Biashara gani? Hapo midomo inafungwa. Busia ni mpakani, jijazie mwenyewe. Hakuna mahubiri, wala msee hashikwi mwishoni. Mwimbaji hamshtaki Sigalame. Anamteta tu, tena kwa sauti ya mtu ambaye angependa kuitwa kwenye hiyo biashara.

Kinachonimaliza ni magitaa. Siku hizo wimbo ulikatwa vipande viwili ili utoshee kwenye santuri ndogo: upande wa kwanza maneno, upande wa pili magitaa yanaachiliwa. Solo inauliza, ridhimu inarudia jambo lilelile bila kuchoka, besi inaitikia, kama watu watatu kwenye steji ya bodaboda. Mwimbaji akinyamaza, umbea unaendelea.

Akina Wanyika walikuwa wakigawanyika kila mara. Kulikuwa na Simba Wanyika ya ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Kinyonga. Mwaka 1978 wakachomoka Les Wanyika. Kisha Issa Juma naye akaanzisha yake. Ubaya upo, tusidanganyane. Nyimbo nyingi zinafanana mno, na wanawake mle ndani kazi yao ni kupendwa au kulalamikiwa. "Sigalame" inaponyoka kwa sababu inahusu pesa.

Ndiyo maana hapa Mitunguu haijazeeka. Kijana akipotea miezi miwili halafu arudi na pikipiki mpya, soko la ndizi lishamfanyia hesabu kabla hajaizima. Mimi niliyeacha chuo naulizwa kila wiki: kwani wewe hufanya kazi gani? Nikisema naandika, wanatazamana. Ni kama nimewaambia niko Busia.

Ukiutafuta YouTube, chukua ule mrefu, wenye pande zote mbili.