Pembe Zisizovutwa

Mbunifu anapochora kitufe cha "Tuma" kwa ajili ya programu ya simu, huchora kimoja tu: upana unajulikana, pembe zimeviringika vizuri, kivuli kimetulia chini. Tabu huanza kitufe hichohicho kinapotakiwa kubeba maneno "Endelea bila kuhifadhi", au kinapohamia kwenye skrini pana zaidi. Picha ikivutwa nzima nzima, pembe hupoteza mviringo wake na mstari wa ukingo hunenepa upande mmoja.

Dawa ya Android ilikuwa picha ya vipande tisa. Ni faili la PNG, jina lake likiishia na .9.png, lililozungushiwa ukingo wa pikseli moja. Juu ya ukingo huo mchoraji huweka mistari myeusi: wa juu na wa kushoto huonyesha sehemu inayoruhusiwa kutanuka, wa chini na wa kulia huonyesha maandishi yatakaa wapi. Pembe nne haziguswi. Kingo za juu na chini hutanuka kwa upana, za ubavuni kwa urefu, na kipande cha katikati hutanuka kotekote. Programu ikifunguliwa, mistari ile haionekani kabisa.

Apple nao walilishughulikia jambo hilo kwa msimbo: tangu iOS 5 ya mwaka 2011, mtayarishaji programu hutaja ni kiasi gani cha kila upande kisivutwe. Inafanya kazi vizuri, lakini njia ya Android ina ubora ambao haukusifiwa vya kutosha. Uamuzi unabaki kwa aliyechora, ndani ya picha yenyewe, wala si kwenye namba ambazo mtu mwingine atasahau kuzibadilisha siku picha itakapobadilishwa.

Kitufe, hata hivyo, hakina sura moja. Kuna ya kawaida, ya kubonyezwa, na ile iliyofifia kitufe kinapokuwa hakitumiki. Kwenye Android, sura hizo hupangwa katika faili la XML, na mfumo huchukua ya kwanza inayolingana na hali iliyopo. Wageni wa kazi hii hunaswa hapo: sura ya kawaida, isiyo na sharti, ikitangulia, hulingana na kila hali, na ile ya kubonyezwa haifikiwi kamwe. Kitufe kinafanya kazi lakini hakionyeshi kwamba kimeguswa. Mtumiaji hubonyeza tena. Na kama ni kitufe cha kulipia, mbonyezo wa pili si mzaha.

Kisha ikaja iOS 7, mwaka 2013. Vitufe vya kawaida vya mfumo vilivuliwa umbo, yakabaki maandishi ya buluu. Skrini zilipumua, ila mtu alilazimika kukisia lipi ni neno la kusoma na lipi ni la kubonyeza. Machi 2014, toleo la 7.1 liliweka kwenye mipangilio ya ufikivu swichi ya kurudisha maumbo ya vitufe. Ni kukiri nusu nusu: tatizo lipo, lakini atakayelihisi ajitafutie mwenyewe swichi. Iliposogea hadi iOS 15, mwaka 2021, watayarishaji walipewa mitindo minne ya kitufe iliyo tayari, na mitatu kati yake ina rangi ya nyuma ya maandishi. Google hawakufika mbali hivyo katika kuvua. Mtindo wao wa Material Design, uliotangazwa mwaka 2014, ulibakiza kivuli na kuongeza viwimbi vinavyosambaa kuanzia pale kidole kilipogusa.

Kuhusu ukubwa hakuna ubishi mkubwa: Apple hutaka eneo la kugusa lisilopungua pointi 44 kila upande, Google dp 48. Mchoro unaweza kuwa mdogo kuliko hapo, mradi eneo la kugusa lisipungue.

Siku hizi vitufe vingi havihitaji picha. Mstatili, kipimo cha mviringo wa pembe na rangi huandikwa kwa msimbo. Picha ya vipande tisa bado inafaa kwa viputo vya programu za ujumbe, vile vyenye kimkia pembeni, kwa sababu ujumbe uwe mrefu kiasi gani, kimkia kile hakipaswi kuvutika.