Vidole vya Franco

Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994, miaka mitano baada ya Franco Luambo Makiadi kufariki. Zanzibar walikuwa na yao, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Kenya walitangulia mapema zaidi. Lakini kwa mpenzi wa dansi wa Tabora au Morogoro, bendi yake, TPOK Jazz, ilikuwa bendi ya masikio: redio, santuri, na kwa waliobahatika, usiku mmoja ukumbini bendi ilipopita Afrika Mashariki. Ndiyo maana wazee wa dansi wakiwa kijiweni, mmoja akafungua simu yenye kipande cha zamani cha televisheni ya Zaire, soga hukatika. Sura za wanamuziki wanazijua kutoka kwenye majalada ya santuri. Wanachotazama ni mikono.

Ubishi ulikuwa huu: sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo magitaa hutawala, likipanda, magitaa ni mangapi? Santuri haikusaidia, na mara nyingi sebene lenyewe lilikuwa upande wa pili, ukishaigeuza. Picha inasaidia. Franco hapigi nyuzi kwa kile kipande cha plastiki wanachoshika wapiga solo wengi. Anadonoa kwa gumba na kidole cha shahada: gumba kwenye uzi mzito, shahada kwenye uzi mwembamba, huku uzi wa katikati ukirukwa. Sauti mbili zinatoka kwa mpigo mmoja. Mliokuwa mkiapa kwamba pale pana wapigaji wawili, wakati mwingine alikuwa huyo huyo mmoja.

Mkono ule haukulelewa darasani. Mama yake aliuza mandazi katika soko la Ngiri-Ngiri, Kinshasa, na mtoto alipiga gitaa kuvuta wateja. Paul Ebengo, maarufu Dewayon, alimwonyesha njia, na mwaka 1953 Franco, akiwa na miaka 15, alikuwa tayari anarekodi katika studio ya Loningisa. Mtu aliyejifunza sokoni anajua kwamba mpita njia hasimamishwi kwa maneno mengi. Labda hapo ndipo ilipotoka tabia inayonishangaza kila nikimtazama: anapiga kidogo sana. Anashika kipande kifupi, anakirudia, anakirudia tena, kisha anabadilisha noti moja tu, au anaichelewesha kwa kiasi cha pumzi. Asiye na subira ataona mtu aliyeishiwa. Mchezaji aliyeko uwanjani kiuno chake kimeshaelewa. Wapo wapiga solo waliokuja baadaye wenye vidole vya kasi kuliko vyake, na ninawapenda, lakini wachache wanaothubutu kukaa sehemu moja muda wote ule bila kuogopa kuchosha watu.

Kutazama picha hizi kunataka uvumilivu wa namna nyingine pia. Kamera hupenda uso wa mwimbaji. Solo linapofika penye utamu, mpiga picha anakuonyesha suti ya mwimbaji Madilu System, au safu ya wapulizaji wanaosubiri zamu yao, na wazee wanaguna kwa pamoja. Vipande vingine ni vya kuigiza juu ya kanda iliyokwisha rekodiwa. Mshabiki mzoefu hutafuta kwanza waya wa gitaa. Kama gitaa halina waya, vidole havikufundishi kitu, furahia mavazi.

Kamera nzuri zaidi zilikuja Kinshasa Septemba 1974, kwa tamasha lililopangwa kwenda sambamba na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman alichanika juu ya jicho, ngumi zikasogezwa hadi 30 Oktoba, muziki ukaendelea bila ngumi. James Brown alikuwepo, B.B. King alikuwepo, Celia Cruz alikuwepo, na OK Jazz ya Franco wakiwa nyumbani kwao. Filamu ya Soul Power ilipotoka 2008, wageni ndio waliopewa nafasi kubwa. Rekodi za Waafrika zilisubiri hadi 2017 ndipo zikatolewa kwenye albamu yao wenyewe. Ni sauti tupu, kwa hiyo tumerudishiwa masikio.

Ambaye masikio yalimkosea zaidi si Franco, ni Lutumba Simaro. Aliingia kwenye bendi mwaka 1961, akabaki mpaka mwenye bendi akafa, akaiongoza yeye, kisha akaanzisha Bana OK. Kwa kusikia tu tulimjua kama mtunzi, mwenye wimbo wa Mabele aliouimba Sam Mangwana. Kwenye picha yuko kando na gitaa la rithimu, uso hausemi lolote, mkono wa kulia unakwenda kwa mwendo uleule kama mtu anayepepeta mchele. Franco akichelewesha noti, anaichelewesha dhidi ya mkono huo. Gitaa la kati linajaza pengo lililoachwa baina yao, na besi ya Decca Mpudi inapita chini ya wote. Mtetereko mdogo wa Simaro, na uchache ule wa Franco ungekuwa uchache kweli.

Hata hivyo kamera humpitia juu juu. Mkono wake wa kushoto, unaobadilisha kodi bila kuinuka kwenye nyuzi, huonekana sekunde chache, kisha tunarudishwa kwa waimbaji. Kila kipande kipya kinapoibuka, mimi huanza kwa kutazama kona ile ya jukwaa.