Mizani ya Magari Yasiyo na Chuma

Zikiwa zimebaki siku kumi kabla ya Saa 24 za Le Mans za mwaka 2023, waandaaji walitoa jedwali jipya la uzito. Toyota iliongezwa kilo 37, Ferrari 24, Cadillac 11 na Porsche 3. Peugeot haikuguswa. Ferrari ilishinda, Toyota ikawa ya pili kwa sekunde themanini na ushei baada ya kukimbizana usiku na mchana, na ubishi juu ya zile kilo haujapoa mpaka leo.

Kazi inayozaa majedwali ya aina hiyo ni kusawazisha uwezo wa magari. Sura yake ya kisasa imetokana na daraja la GT3, lililoanza kushindaniwa Ulaya mwaka 2006 chini ya Mfaransa Stéphane Ratel. Hakuwalazimisha watengenezaji waunde gari la aina moja. Kila mmoja alete alichonacho, injini iwe mbele, katikati au nyuma, iwe na silinda sita au kumi, kisha yote yapite kwenye mizani. Lenye mbio kupita kiasi litatwikwa vyuma au litabanwa pumzi. Linalosuasua litapunguziwa mzigo.

Siku hizi kazi hiyo inafanyiwa pia magari ambayo hayapo. Katika iRacing, simuleta ya mbio za mtandaoni iliyofunguliwa Marekani mwaka 2008, madereva wa GT3 hushindana wakiwa majumbani mwao, usukani umefungwa mezani na pedali ziko sakafuni. Hapo hakuna fundi wa kukaza chuma chini ya kiti. Kuna tarakimu: kilo za kuongeza, asilimia ya nguvu za injini, na kiasi cha mafuta kinachoruhusiwa kwenye tangi. Mtazamaji atadhani kazi imerahisishwa, maana gari la kompyuta halichakai na hali ya hewa huchaguliwa kwa kidole. Kumbe tarakimu hizo tatu hazitii amri kwa namna moja.

Tuanze na nguvu. Upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi, na nguvu za kuushinda hukua kwa kipeo cha tatu. Kwa hiyo gari likipunguziwa asilimia moja ya nguvu, kasi yake ya juu hushuka kwa takriban theluthi moja tu ya asilimia. Lililokuwa likifika kilomita 270 kwa saa hupoteza kama kilomita moja hivi. Uzito una tabia nyingine kabisa. Kilo 20 juu ya gari la kilo 1,300 hazionekani sana mwishoni mwa njia iliyonyooka, ila hudai chao kwenye breki, kisha katikati ya kona, kisha wakati wa kuondoka konani, na mbio zikiwa ndefu hudai hata kwenye matairi. Ndiyo sababu dawa inayotibu uwanja wa Monza, wenye mistari mirefu, haitibu ule wa Hungaroring wenye kona zinazofuatana.

Hapa ndipo fundi aliyebobea anapoachana na mwanafunzi. Mwanafunzi hutazama saa, akiona magari mawili yamezunguka Monza kwa muda uleule husema kazi imekwisha. Fundi huuliza muda huo umepatikana wapi. Gari moja huenda limeuchuma kwenye sehemu zilizonyooka, jingine kwenye kona za Lesmo na Ascari. Siku ya kufuzu yatapanga mstari pamoja. Mbio zikianza, lenye mbio za njia nyoofu litampita mwenzake kabla ya breki ya kwanza, kisha litamzibia kila kona, naye atabaki nyuma akichemsha matairi na ubora wake wote mikononi. Saa ilisema kweli, lakini mizani bado imeinama.

Mafuta hudharauliwa, na si haki. Gari linalokunywa kidogo laweza kuahirisha kuingia piti kwa mzunguko mmoja au miwili, na katika mbio za saa kadhaa hiyo ni faida ambayo dereva hodari hawezi kuifidia kwa mikono. Msawazishaji hulipunguzia ujazo wa tangi, basi. Pengine hicho ndicho kipimo chenye adabu kuliko vyote vitatu, kwa kuwa hakiharibu namna gari linavyoendesheka.

Halafu kuna swali gumu zaidi: kilichoshinda ni gari au ni mtu? Katika mbio za mtandaoni dereva huchagua gari mwenyewe. Uvumi ukienea kwamba modeli fulani ndiyo yenye moto, vigogo wote huihamia, na wiki inayofuata takwimu zitaonyesha imetwaa ushindi mwingi. Uvumi umejizalia ushahidi. Msawazishaji mwepesi wa mkono ataliadhibu gari kwa kosa la kuendeshwa vizuri. Aliye makini hulinganisha madereva wa kiwango kimoja, na iRacing humpa kila dereva alama ya kiwango chake, au humfuata dereva mmoja anapobadili magari. Na ikumbukwe kwamba gari moja la iRacing huuzwa karibu dola 12. Aliyelinunua juzi hafurahi kulikuta leo limetwikwa.

Waitaliano wa Kunos Simulazioni wanatembea karibu zaidi na uwanja halisi. Assetto Corsa Competizione, toleo kamili la mwaka 2019, ni mchezo rasmi wa mashindano ya GT ya SRO, kampuni ya Ratel, na magari yake hupewa vipimo kwa kufuata uwanja. Mwaka 2020 uliongezwa humo uwanja wa Kyalami wa Afrika Kusini, ulio kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Katika Kyalami yenyewe hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia kumi kuliko ya pwani. Injini ya tabo hujisukumia hewa na kupunguza hasara. V8 kubwa ya Mercedes-AMG, isiyo na tabo, huhema. Jedwali lililokubaliwa na wote kwenye uwanja wa Spa laweza kuzua ugomvi pale.

Mchezo wa Gran Turismo wa Japani una kituko chake. Katika daraja lake la Gr.3, Beetle ya Volkswagen iliyovalishwa bawa la mbio hupambana na Ferrari 458 na Porsche 911 RSR. Hakuna kiwanda kilichowahi kupeleka Beetle ile uwanjani, kwa hiyo hakuna kumbukumbu za vipimo za kuiga. Wasawazishaji huanza na umbo na ubunifu tu. Na bado haitakiwi igeuke Ferrari yenye mgongo wa mviringo. Vivyo hivyo, katika GT3, 911 yenye injini nyuma lazima iendelee kung'ang'ania lami inapoondoka konani na kugoma kidogo inapoingia. Vinginevyo kuwa na magari kumi ni kupaka gari moja rangi kumi.

Katika mbio halisi za dunia za magari ya ustahimilivu, kanuni zinawakataza watengenezaji kusema hadharani juu ya usawazishaji. Kwenye simuleta kanuni hiyo isingeshikika. Jedwali likitoka asubuhi, jioni malalamiko yamejaa, na sehemu ya ufundi ni kuyasoma. Anayesema gari lake ni bovu na jirani anapendelewa hajasema kitu. Anayesema Ferrari yake hupoteza sehemu mbili za kumi za sekunde kutoka Lesmo ya pili hadi breki ya Ascari, tangi likiwa limejaa, na kwamba mafuta yakipungua hasara hiyo hutoweka, huyo ataitwa ajaribu toleo lijalo kabla ya wengine.