Stuli Yenye Mgongo na Tumbo

Stuli ilikuwa ya mbao za paini, kiti cha duara, miguu minne, fito mbili za kuishika isiyumbe. Fundi aliyepewa kuipaka, huko Keko, Dar es Salaam, aliizungusha mara tatu kabla ya kufungua kopo la rangi. Nikadhani anatafuta kasoro ya seremala. Kumbe alikuwa akitafuta mgongo.

Mteja alitaka ngozi ya chui, na chui hana madoa ya namna moja mwili mzima. Mgongoni na ubavuni madoa hujikusanya kwa mafungu, kila fungu likizunguka kitovu chake kama petali za ua. Kichwani na miguuni yanakuwa vipaku vyeusi vizima. Tumboni ngozi huwa nyeupe na vipaku vimeachana. Mkiani, ukikaribia ncha, madoa hushikana yakafanana na pete. Kwa hiyo anayetaka kuipaka stuli chui lazima aamue kwanza wapi ni wapi. Huyu aliamua hivi: kiti ni mgongo, ukingo wake ni ubavu, miguu ni miguu, na zile fito mbili ni mkia.

Habari ya msasa na rangi ya chini sitairefusha, kila fundi rangi anayejiheshimu anaijua. Kinachonivuta ni rangi tatu zinazofuata. Ya kwanza ni krimu yenye umanjano. Aliipaka stuli nzima, kisha kabla haijashika akaongeza rangi ya asali katikati ya kiti na kuivuta kwa brashi kuelekea ukingoni, ikafifia yenyewe, kwa kuwa mgongo wa chui umekolea kuliko mbavu zake. Rangi ya mafuta haiharakishwi. Ililala hadi kesho yake.

Ya pili ni kahawia ya asali, vipaku vya ukubwa wa sarafu, na hakuna viwili vilivyolingana. Hapa ndipo wengi hukosea. Ndani ya ua la chui rangi huwa imekolea kuliko ngozi inayolizunguka, na ukiliacha tupu, chui wako anakosa joto. Ukitia nukta nyeusi humo ndani umeshahama bara: huyo ni jagwa wa Amerika. Ukiweka madoa mazima mviringo kila mahali, umepata duma.

Ya tatu ni nyeusi iliyochanganywa na kahawia, maana nyeusi tupu hukaa juu ya mbao kama tundu. Kila kipaku alikizungushia mipigo miwili, mitatu, wakati mwingine minne, na kila mara akaacha mwanya.

“Fundi, mbona huyafungi maua?” nikamuuliza.

“Likifungwa linakuwa jicho, dada. Stuli itakukodolea macho.”

Nilijaribu pembeni kwenye kipande cha mbao, na kweli, maua yangu yaliyofungwa yalinitazama yote kwa pamoja.

Hamu ya kukipa kiti ngozi ni ya zamani sana. Katika kaburi la Farao Tutankhamun wa Misri, lililogunduliwa mwaka 1922, mlikuwa na stuli yenye miguu ya vichwa vya bata, na kiti chake cha mpingo kimetiwa vipande vya pembe za ndovu kikafanana na ngozi ya mnyama mwenye mabaka. Hapo hapo Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora wanyama wake kwa rangi za mafuta zinazong'aa juu ya vipande vya hadibodi. Fundi wa Keko hachori mnyama mzima kama yeye. Anachukua ngozi tu, lakini mnyama lazima amjue.

Ukutani kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu ukuta hauna miguu ya kukuongoza. Niliwahi kuona chumba kilichopakwa punda milia kwa michirizi iliyonyooka, minene sawasawa, na kikawa kama kizuizi cha barabarani. Milia ya punda husimama wima kiwiliwilini, hulala inapofika makalioni na miguuni, na begani, zinapokutana njia hizo mbili, hupandana na kugawanyika. Fundi mzuri huliweka bega hilo kwenye kona ya chumba, na kona inapotea. Twiga naye hupakwa kinyume: ukuta wote unakuwa krimu kwanza, kisha yanajazwa mabaka, na ile mistari ya kupendeza ni kile kilichobakizwa. Kwa twiga wa kaskazini mwa Kenya kingo za mabaka hukatwa safi. Kwa twiga wa Kimasai huchanwachanwa kama majani yaliyoliwa na wadudu.

Siku ya tatu fundi alichukua brashi kavu, ngumu, akaichovya kidogo mno kwenye krimu, akapitisha juu ya madoa kuanzia katikati kwenda nje, kwa mkono mwepesi. Ncha za maua zikapasuka, zikawa manyoya. Akavisha zile fito pete zake. Nikajua amemaliza, nikasimama.

Akaipindua stuli juu chini. Chini ya kiti, mahali ambapo hakuna atakayepaona isipokuwa mtoto anayetambaa, alipaka nyeupe, akangoja ikauke, kisha akadondosha vipaku saba vyeusi, vimeachana.