Tundu la Sentimita 10: Mashine za Kufulia na Kukaushia Nguo Ndani ya Karavani

Karavani nyingi za Marekani huundwa Elkhart, Indiana, na katika miji ya jirani. Kwenye zile kubwa zinazovutwa na pikapu, mara nyingi kiwanda huacha kabati moja chumbani, upande wa mbele, likiwa na mabomba ya maji ya moto na baridi yaliyozibwa, soketi ya umeme na bomba la kumwagia maji machafu. Mwenye karavani akishanunua mashine ya kufulia na ya kukaushia, hudhani kilichobaki ni kuzipandanisha na kuchomeka plagi. Kumbe kiwanda kimeshughulikia zaidi vinavyoingia. Vinavyotoka ndivyo vinavyomtoa fundi jasho: mvuke, nyuzinyuzi za nguo, maji ya sabuni na mtikisiko.

Hesabu ya mvuke ni rahisi, na ndiyo inayoeleza kwa nini watu hukubali kutoboa ukuta wa gari la maelfu ya dola. Kilo 5 za nguo, baada ya kukamuliwa na mashine, hubaki na maji ya takriban nusu ya uzito wake, yaani kama lita 2.5. Kuyageuza maji hayo kuwa mvuke kunahitaji umeme wa karibu uniti 1.6. Mashine ya nyumbani ya Kimarekani hutumia volti 240 na wati 5,000 hivi, hivyo joto la kutosha hupatikana kwa muda mfupi. Ya karavani hutumia soketi ya kawaida ya volti 120 na wati kama 1,400. Hata isipopoteza joto lolote, itahitaji zaidi ya saa moja, na joto hupotea kila mara.

Lita hizo 2.5 lazima ziende mahali. Zikiachwa ndani, zitatua kwenye madirisha, nyuma ya makabati na chini ya godoro, na ukungu utafuata. Ipo mashine moja inayofua na kukausha bila bomba la hewa. Hiyo hupoza mvuke ukarudi kuwa maji, kisha huyamwaga pamoja na maji machafu. Haihitaji tundu, ila hukausha polepole. Splendide, chapa inayofahamika sana kwa wenye karavani, huuza aina hiyo, huuza yenye bomba la hewa, na pia jozi ya mashine mbili za kupandanishwa. Anayeishi barabarani mwaka mzima na watoto mara nyingi huchagua jozi, kwa sababu mkupuo wa pili unafuliwa wakati wa kwanza unakauka.

Basi fundi anayejua kazi huanza na ukuta kabla hajagusa mashine. Ukuta wa karavani nyingi za kisasa ni tabaka zilizogandishwa pamoja: ngozi ya faibaglasi nje, ubao mwembamba, povu gumu la kuzuia joto, na mbavu za alumini katikati. Akikata ubavu mmoja, amedhoofisha ukuta. Sumaku haiwezi kumsaidia kwa kuwa alumini haivutwi. Wengine hugonga kwa vidole na kusikiliza. Wengine husubiri asubuhi yenye umande, kwani alumini hupitisha joto kuliko povu, na mistari ya mbavu hujichora yenyewe juu ya faibaglasi.

Sehemu salama ikishajulikana, hutobolewa tundu dogo la majaribio kutoka ndani. Fundi hutoka nje na kutazama limetokea wapi: je, limeepuka dirisha, tundu la gesi ya propani, na chumba cha pembeni kinachosukumwa nje karavani ikiegeshwa? Akiridhika, huchukua keekee ya duara na kukata kutoka nje kuelekea ndani, polepole, ili faibaglasi isichanike ukingoni. Povu lililobaki wazi huzibwa kwa silikoni. Kifuniko cha nje hulazwa juu ya utepe laini wa butili, hukazwa kwa skrubu, kisha ukingo wa juu na wa pembeni hupakwa silikoni. Ukingo wa chini huachwa wazi, ili maji yakipenya yapate pa kutokea badala ya kuozesha ubao kimyakimya.

Kifuniko hicho huwa na mlango mwepesi unaofunguka kwa nguvu ya hewa. Wavu hauwekwi. Wavu huzuia nyigu, lakini hunasa nyuzinyuzi, na nyuzinyuzi kavu zikikutana na joto hushika moto upesi. Takwimu za shirika la zimamoto la serikali kuu ya Marekani, USFA, kwa miaka ya 2008 hadi 2010, zinaonyesha wastani wa mioto 2,900 ya mashine za kukaushia nguo kila mwaka katika nyumba, na chanzo kikuu kilichotajwa kilikuwa kutosafisha. Ndani ya karavani, kitanda kiko hatua chache tu kutoka kwenye kabati la mashine.

Ndiyo maana bomba lenyewe huwa la chuma laini ndani, lenye kipenyo cha sentimita 10, na viungo hufungwa kwa utepe wa foili. Skrubu hazitumiki, kwa sababu ncha zake zingekamata nyuzi. Kanuni za ujenzi wa nyumba za Kimarekani huhesabu kona moja kali ya nyuzi 90 kuwa sawa na mita 1.5 za bomba lililonyooka. Katika kabati finyu fundi hushawishika kuweka kona mbili au tatu. Afadhali asogeze mashine sentimita chache apate kona moja. Kuelekeza bomba chini ya sakafu nako hakufai: mvuke hupoa humo, nyuzi hulowa na bomba huziba.

Kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Hewa inayopulizwa nje lazima ijazwe na nyingine kutoka mahali fulani. Madirisha yote yakiwa yamefungwa, karavani hufyonza hewa kupitia mianya, na kama maji yanayobaki kwenye kiko cha bomba la sinki yamekauka, harufu ya tangi la maji machafu huingia ndani. Kufungua dirisha moja kidogo hutatua tatizo hilo.

Kwa upande wa umeme, karavani yenye waya wa ampea 30 hupata wati 3,600 tu. Kiyoyozi hula kama 1,500, mashine ya kukaushia 1,400, na hita ya maji ya umeme 1,440. Jumla ni 4,340, na breka hukata. Suluhisho la kawaida ni kuhamisha hita kwenye gesi. Yenye waya wa ampea 50 hupata njia mbili za volti 120, jumla wati 12,000, na mjadala unaisha.

Maji hayasamehe. Mkupuo mmoja unaweza kumwaga lita 50 hadi 60. Tangi la lita 150 hujaa kabla ya mkupuo wa tatu kumalizika, na likijaa huku vali imefungwa, pampu ya mashine huendelea kusukuma. Maji ya sabuni hupanda kupitia tundu lililo chini kuliko yote, na hilo kwa kawaida ni la bafu.

Uzito nao huhesabiwa. Jozi ya mashine hufikia kiasi cha kilo 100, na kabati la mbele liko karibu na kiungo cha pikapu, hivyo sehemu kubwa ya mzigo huo huielemea ekseli ya nyuma ya pikapu. Sakafu huongezewa ubao mzito unaogawa uzito kwenye boriti kadhaa, na mashine ya juu hufungwa kwa vifaa vyake vya kupandanishia. Boliti za usafirishaji zinazoshika pipa hutolewa kabla ya kufua mara ya kwanza. Zikisahaulika, mkamuo wa kasi ya mizunguko zaidi ya 1,000 kwa dakika hutikisa gari zima.

Msimu wa baridi kali ukikaribia, bomba na pampu ya mashine ya kufulia hupitishwa dawa ya kuzuia kuganda, ya rangi ya waridi, iliyo na propilini glaikoli, ili masalia ya maji yasigande na kupasua vali. Mashine ya kukaushia haihitaji dawa hiyo: husafishwa chujio na bomba, na mlango wake wa nje hufungwa kwa utepe hadi majira ya kuchipua.