Steringi Aliyekufa Mapema

Sheria ya kibanda cha video tunaijua sote tuliokulia mjini: steringi hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, atakula risasi ya bega, lakini mwisho wa mkanda yeye atasimama na adui atalala chini. Ndicho tulicholipia kiingilio. Hata kwenye riwaya zetu mambo ni hayohayo. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, risasi zinawajua na zinawakwepa.

Sasa wapo Waganda waliovunja sheria hiyo bila kumwomba mtu radhi. Mkanda wao unaitwa Who Killed Captain Alex?, yaani nani kamuua Kapteni Alex. Ulitoka mwaka 2010, ukatengenezwa na Isaac Nabwana huko Wakaliga, mtaa wa walalahoi jijini Kampala. Mna kung fu humo, mna mabomu, mna helikopta za kompyuta zinazolipua majengo. Bajeti, kwa maelezo yao wenyewe, haikufika dola 200 za Marekani. Bunduki zilichongwa kwa vyuma chakavu na mbao. Damu ni rangi iliyotiwa ndani ya kondomu.

Wengi wanautazama ili wacheke. Wacheke, si dhambi. Lakini anayecheka tu ameikosa dhamira. Mimi nausoma kama mkanda kuhusu bei ya kuwa na jina.

Tuanze na maudhui. Alex ni komandoo anayesifika, kapewa kazi ya kulisambaratisha genge la Tiger Mafia. Kikosi chake kinamkamata ndugu wa Richard, bosi wa genge, na Richard anaapa kulipiza. Kabla hatujamzoea vizuri huyo Kapteni, anakutwa maiti. Nani kamuua? Jeshi halijui. Richard naye hajui, tena anawaka kwa hasira maana alimtaka akiwa hai. Ndipo anapotokea Bruce U, ndugu wa marehemu, bingwa wa kung fu wa Shaolin, aje kumsaka muuaji. Mateke yanarushwa kibao, jeshi linaingia vitani, genge linafagiliwa. Na jibu? Halitoki. Mkanda unaisha na swali likiwa palepale lilipoanzia.

Darasani tungeandika kwamba msuko una kasoro, tukapewa vema. Mimi nabisha. Tazama kila mmoja anavyolitumia jina la Alex. Richard analitaka kwa kisasi chake. Jeshi linalibeba kwenda nalo vitani. Bruce U analipigania kwa ngumi. Lakini Alex alipenda nini? Aliogopa nini usiku? Hakuna anayeuliza. Amekuwa mtu ambaye wote wanamtaka na hakuna anayemjua. Mtu akifika hapo, nani kamuua linakuwa swali la kuanzishia ugomvi tu, jibu lake halimshughulishi mtu.

Sisi wa Dar es Salaam tusijifanye hayatuhusu. Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28 tu, maelfu walifurika viwanja vya Leaders kumuaga. Hata tuliokuwa watoto, ambao hatukuwahi kupeana naye mkono, tulijiona wafiwa. Enzi hizo picha za Bongo zilimwagwa Kariakoo, sura ya msanii ikiwa imejaa juu ya kasha. Wasanii wengi waliuza kazi zao kwa mkupuo mmoja pamoja na haki zote. Sura inabaki dukani inauza, mwenye sura alishalipwa siku ile, basi. Jina nene, mfuko mwembamba.

Tugeukie fani, maana huko ndiko mkanda huu ulikonishika. Nabwana alikua bila kuingia sinema. Kaka zake ndio waliokwenda, wakirudi wanamsimulia. Yaani jamaa amejifunza filamu kwa masikio! Si ajabu basi kwamba ndani ya mkanda yumo msimulizi, VJ Emmie, anayepiga domo toka mwanzo hadi mwisho: anatania, anashangilia, anawasifia makomandoo. Wageni wanaona kituko. Sisi tunamtambua mara moja, kwani tulikuwa na Kapteni Derek Mukandala, yule Lufufu, aliyeziingizia picha za kigeni sauti ya Kiswahili na kutia chumvi yake mwenyewe.

Ila hapo ndipo penye lawama yangu. VJ anacheka kabla hatujapewa nafasi ya kulia. Alex anapokufa, utani unaufunika msiba, na mtazamaji wa mbali anapata ruhusa ya kuicheka Wakaliga yote. Tena hatuwezi kuutazama bila sauti hiyo. Nabwana alihitaji nafasi kwenye kompyuta atengeneze kazi nyingine, akaifuta ile ya awali. Iliyobaki ni nakala yenye maneno ya VJ. Mkanda umejulikana duniani ukiwa na sauti ya mtu mwingine juu yake, kama vile Alex alivyojulikana kwa midomo ya wengine.

Na umaarufu wenyewe uliwapa nini? Waliutia mtandaoni, ukatazamwa na mamilioni. Mmarekani Alan Hofmanis alifunga safari kutoka New York mwaka 2011, akaungana nao. Mwaka 2019 kazi yao nyingine, Crazy World, ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto. Lakini nyumbani waigizaji walizunguka mitaani wakiuza DVD kwa mikono yao, mbiombio, kabla maharamia hawajazirudufu. Siyo siri, hadithi hiyo Mtaa wa Kongo inajulikana.

Nayasema haya kwetu tunaoandika madaftarini tukiota majina yetu juu ya jalada. Wakaliga hawakumngoja mfadhili, na hilo tuwaige. Lakini tuangalie pia jina linavyomla mwenyewe, na tutunze nakala za kazi zetu, jamani, hata kama ni daftari la pili lililonakiliwa kwa mkono.

Mkanda uko bure YouTube. Utazame mara mbili. Mara ya kwanza cheka mpaka mbavu ziume. Mara ya pili hesabu dakika ambazo Alex yuko hai. Kisha rudi kwenye riwaya yako, umtazame steringi wako usoni, na ujiulize kama unamjua.