Bahasha Zinazoingia Gerezani

Agosti 1966, katika mtaa wa Tenderloin, San Francisco, wanawake waliobadili jinsia walichoka kukamatwa ovyo, wakapambana na polisi kwenye mkahawa wa Compton's. Mwaka 2004 jijini humo lilizaliwa shirika la TGI Justice Project, linalowasaidia wafungwa waliobadili jinsia. Waliolibeba kwa miaka mingi ni wanawake weusi waliobadili jinsia, baadhi yao wakiwa wameonja gereza wenyewe.

Kazi ya shirika inaanzia kwenye bahasha ya barua kwa mfungwa. Juu yake unaandika namba ya mfungwa na jina lililo kwenye daftari la gereza, hata kama ni la kiume. Ukikosea, barua inaweza kurudishwa. Ndani, kwenye karatasi, anaitwa jina lake. Mtu anaweza kukaa mwezi mzima asisikie jina hilo ila kwenye karatasi ile.

Akitoka, kwanza kitanda, kitambulisho, nauli. Uongozi unafuata papo hapo, maana hakuna anayengojea apate cheti: aongoze kikao, apange bajeti, asimame mbele ya madiwani aseme shida yake kabla kengele haijalia. Dakika mbili hivi. Kesho yake yeye ndiye anayemwandikia aliyebaki ndani.

Tangu Januari 2021 sheria ya California inamruhusu mfungwa aliyebadili jinsia kuomba gereza linalomfaa. Walioomba ni wengi kuliko waliohamishwa.